Wavu Nyuma ya Altare

Kigangoni, Lipingo
14 Septemba 1993, Sikukuu ya Msalaba

Dada yangu Bonifasia,

Shikamoo. Mimi mdogo wako Othmar ni mzima, tena nimenenepa, maana watu wa huku ziwani wanakula samaki kama sisi huko Mbinga tunavyokula maneno. Hofu ni kwako wewe, na kwa baba na mibuni yake.

Habari kubwa: nimepewa kanisa. Si utani. Ukuta wa nyuma ya altare una ufa kutoka dirishani mpaka chini, mkono unapita. Wanasema ni tetemeko. Walikuja mafundi wawili, wakatazama, wakatikisa vichwa, wakasema bomoa. Mimi nikasema, jamani, mtu akivunjika mguu mnamzika? Katekista Ignatio akacheka mpaka akakaa chini. Kazi nikaipata hapo hapo.

Sasa sikiliza elimu, na elimu hii hata Songea hawana. Siku hizi ni ruksa, simenti utaipata hata kwenye duka la vitenge. Lakini nondo hazifiki huku, lori linaukataa mlima na meli ni ya kuota tu. Nikakumbuka Kitwe. Kule Zambia nilimwona mhandisi Mzungu anavalisha nguzo za daraja kitambaa kilichofumwa wazi wazi kama chandarua, halafu anakandika simenti juu yake. Nilimwona? Mwiko nilimfundisha mimi kuushika! Simenti, dada, ni hodari wa kubeba, lakini ukiivuta inakatika kama biskuti. Uzi nao kubeba hauwezi, ila kuvutwa ndiyo starehe yake. Wafungishe ndoa hao wawili, ukuta hautapasuka tena mpaka Yesu arudi.

Na huku uzi umejaa tele. Nyavu! Jumapili nikasimama baada ya misa nikatangaza: kila nyumba ilete wavu mkuukuu, wa nailoni, uliofuliwa kwa sabuni, maana mafuta ya samaki simenti haiyapendi. Wakaleta mpaka nikakosa pa kukaa. Tumebandua lipu ya zamani, tumelowesha ukuta, tabaka jembamba la kwanza, wavu unabanwa ndani yake umenyooka bila mikunjo, kisha tabaka la pili. Halafu magunia mabichi juu yake wiki nzima.

Hata mama mkwe wako, Mama Restituta, amechangia. Alikuja peke yake na wavu kichwani, akasema uwekwe katikati kabisa, juu ya ufa wenyewe. Wavu mzuri kuliko yote, ila kona moja umeshonwa kwa uzi wa sweta, wa manjano kama wa wanakwaya! Nikamwambia, mama, huyu mvuvi alikuwa anavua samaki au anaimba kwaya? Hakucheka. Jumamosi nimeukandika.

Nafanya kazi na zile fulana zangu za matundu za Lusaka, zile ulizosema nikizivaa nafanana na samaki aliyenaswa. Watoto wanakuja kuniangalia bure.

Msalimie baba. Mwambie mwanawe sasa ni daktari wa makanisa.

Mdogo wako,
Othmar Ndunguru, fundi wa kimataifa


Mbinga
24 Septemba 1993

Mdogo wangu Othmar,

Marahaba. Huku hatujambo. Kahawa imeshakauka.

Nina jambo moja tu la kukuomba. Nyumbani kwa Mama Restituta kuna chumba cha ndani ambacho dirisha lake linatazama ziwani. Ingia humo, utazame ukuta unaoelekea dirisha. Kisha uniandikie kuna nini.

Usimuulize yeye. Usifanye utani. Tazama uniandikie.

Dada yako,
Bonifasia


Lipingo
5 Oktoba 1993

Dada Bonifasia,

Shikamoo.

Nimeingia. Kuna vigingi viwili na hakuna kitu. Pale kati ya vigingi udongo ni mweupe, kama mahali palipofunikwa muda mrefu.

Nilipogeuka, mama alikuwa amesimama mlangoni. Mimi nimesimama mbele ya polisi wa Zambia bila pasipoti, dada, lakini sijawahi kutafuta dirisha la kutokea kama siku ile. Akaniambia, "Dada yako ndiye amekutuma." Nikasema ndiyo. Akasema, "Mwambie nimechoka. Mwanangu yuko majini miaka miwili. Mwambie nimemtafutia kaburi ndani ya nyumba ya Mungu, mahali ambapo na mimi nitasomewa misa, kabla sijafa. Mwambie asinichukie."

Basi ndipo nikajua nimekandika wavu wa nani. Wavu wa shemeji Mansuetus. Na uzi ule wa manjano nikaukumbuka, wa sweta yako ya kwaya, uliomshonea alipokuwa nyumbani. Na mimi nikafanya mzaha, ulimi huu!

Lakini dada, nisikilize mimi mdogo wako mjinga. Miaka miwili. Mtumbwi wao ulionekana kule upande wa Msumbiji umepinduka. Pengine mama ana akili kuliko sisi. Kubali isomwe misa, uvue huo uzito.

Kazi inaendelea vizuri. Ukuta wote umekauka, mweupe kama sahani. Pale katikati tu ndipo bado pabichi kidogo. Nimeondoa magunia, nimeacha jua la dirisha lipige, lakini asubuhi nakuta panatoka jasho, na macho ya wavu yanaonekana, moja moja, kama mtu amechora kwa kalamu ya maji. Ni mchanga wa ziwani tu. Mchanga wa huku una ukaidi.

Jambo lingine la kitaalamu. Fundi mwenye akili anabandika kipande cha kioo juu ya ufa. Ufa ukipanuka, kioo kinakatika katikati na unaona nafasi. Nilibandika upande wa nje, ambako hatujaweka wavu. Jana kioo kimekatika. Ila hakuna nafasi, dada. Vipande viwili vimepandana, kimoja juu ya kingine. Maana yake ukuta haufunguki. Unajifunga. Kama kuna mtu ndani anavuta.

Hiyo ni nzuri! Ndiyo kazi niliyolipwa.

Wako,
Othmar


Mbinga
16 Oktoba 1993

Othmar,

Nimesoma barua yako shambani, nikakaa chini kwenye shimo la ngoro, nyasi zikanifunika.

Wewe ni mtu wa milimani kama mimi, hukujua. Mimi mwenyewe nilifundishwa na huyo huyo mama nilipoolewa. Wavu wa mtu aliyeko nyumbani ni uzi tu, fanya nao unavyotaka, funga mbuzi, ziba ukuta. Lakini mtu akiondoka ziwani asionekane, wavu wake unatundikwa ndani, uso wake kwenye maji. Haufuliwi. Haushonwi tobo hata moja. Hiyo ndiyo njia yake ya kurudia. Na haushushwi mpaka mama na mke waushike wote wawili, huyu kona hii na huyu kona ile, wakubaliane kwamba basi.

Mimi sikuushika. Mimi sijasema basi.

Mama amechoka, najua. Nililala naye chumba kimoja mwaka mzima tukisikiliza maji, na nilipanda huku kwa baba kwa sababu alianza kuniita mjane mbele ya watu. Simchukii. Lakini hakuna aliyemwona Mansuetus amekufa. Na kama hakufa, wewe umemjengea ukuta njiani.

Toa huo wavu.

Dada yako,
Bonifasia


Lipingo
27 Oktoba 1993

Dada Bonifasia,

Shikamoo dada, na usinipige kwa kalamu.

Siwezi kuutoa. Si kiburi. Ule wavu ndio unaoshika kati na kati, juu ya ufa. Nikiukata sasa, na mawingu haya yanayopanga foleni juu ya ziwa, mvua ya kwanza ukuta unalala, na paa linaufuata. Humu wanasali watu, dada. Humu ndimo akina mama wanamopimia watoto wa kliniki. Katekista Ignatio ameniambia wazi: "Fundi, ukigusa hapo, ujue umebomoa kanisa." Na jina langu je? Litapanda milima kabla yangu.

Nakwambia mambo mengine kwa kuwa kufika kwako yatakuwa yamepoa.

Pale pabichi pamekua. Pana urefu wa mtu sasa, na upana wa mtu. Katekista amesogeza mabenchi ya mbele nyuma, anasema ni kwa ajili ya hewa. Wanawake wa kwaya hawasimami upande ule. Jumapili wakati wa kimya, baada ya komunyo, palisikika. Mimi nilisema ni panya. Panya gani anavuta pumzi hivyo, dada, taratibu, na mwisho wake anakohoa?

Nilikwenda mchana, jua kali, kanisa tupu. Nikaweka kiganja. Ukuta wote moto, pale baridi kama ndani ya mtungi. Nikabonyeza. Simenti ya wiki sita, niliyoichanganya mwenyewe, ilitakiwa inivunje kidole. Ilibonyea. Nikaondoa mkono, alama ikabaki kidogo, halafu ikajaa, kama ukibonyeza mguu wa mtu mwenye maji mwilini.

Nikaondoka nikipiga mluzi. Nilikuwa napiga wimbo gani sijui.

Usimwambie baba.

Othmar


Mbinga
13 Novemba 1993

Othmar,

Barua iliyomo humu imefika jana, kwa sanduku la parokia. Soma. Kisha nenda ukamsomee mama.

B.

*

Zahanati ya Misheni, Kisiwa cha Likoma, Malawi
5 Oktoba 1993

Mke wangu Bonifasia,

Salamu nyingi. Anayeandika ni muuguzi, Lusia, mimi nasema yeye anaandika, kwa kuwa mkono wangu haunyanyuki.

Mimi Mansuetus niko hai. Usianguke. Tulipinduka karibu na Msumbiji, wenzangu wote ziwa liliwachukua. Mimi nilishikwa na watu wenye bunduki, nikabebeshwa mizigo yao porini mpaka vita vilipokwisha. Nimetembea. Mwezi wa saba nilifika kisiwa hiki, nikawa navua na watu, nina nguvu zangu, nikisubiri chombo cha kuvuka. Sikuandika. Niliona barua itakuja kukuliza bure, nikasema nitakuja mwenyewe nibishe hodi.

Lakini tangu ile Jumamosi kabla ya sikukuu ya Msalaba sielewi. Nilikuwa nimekaa pwani nakula. Nikasikia kitu kibichi kimenikumbatia kifuani, kikanibana taratibu, kama mtu ananifunga nguo iliyoloa. Tangu hapo sisimami. Daktari anasema ni maji kwenye mapafu, lakini nikikohoa natoa tope la kijivu, naye hana jina la hilo. Nasikia harufu ya chokaa. Nasikia watu wanaimba, Kiswahili, nyimbo zetu, nami siwezi kugeuza shingo.

Zamani kila nikilala nilikuwa naiona njia ya nyumbani, dirisha la mama na maji. Siku hizi nikilala naona ukuta. Nauona kwa ndani.

Kama kuna anayejua dawa, aje. Kila siku panabana zaidi.

Mume wako,
Mansuetus
(alama ya kidole gumba)


Lipingo
22 Novemba 1993

Dada,

Imefika leo asubuhi kwa dereva wa lori la mahindi. Nimemsomea mama. Hakulia. Alifunga khanga kiunoni akaniuliza, "Tindo yako iko wapi?"

Nakwenda. Mvua imeanza.

Othmar


Lipingo, nyumbani
19 Desemba 1993

Mdogo wangu Othmar,

Nashangaa kukuandikia wakati nimeshateremka kutoka Mbinga, nawe uko ng'ambo ya mto tu, pale kwenye kambi yako ya ujenzi. Lakini nimekuja mara tatu na kila mara unanitokea ukicheka, unaongea juu ya Kitwe, unaniondoa bila kunijibu. Kwa barua huwezi kunikatiza.

Mansuetus amefika Alhamisi kwa boti ya wachuuzi wa sabuni. Amekonda, ila anatembea. Anasema alikuwa amelala pale zahanati, mvua inanyesha kisiwani, akasikia mtu anagonga kifuani kwake, ngo, ngo, ngo, akavuta pumzi mpaka chini kabisa, akaomba ugali. Muuguzi aliandika siku hiyo kwenye cheti chake. Ni tarehe ishirini na mbili Novemba. Mimi na mama tumeushusha wavu wake kwenye vigingi, ambako mama alikuwa ameurudisha, tumeushika wote wawili, tukaufua. Sasa ni uzi tu.

Mungu akulipe. Mimi sina cha kukulipa.

Sasa nijibu. Katekista anasema ulifukuza watu wote, ukabaki na mama. Mama hasemi. Ukuta umesimama, mvua zote hizi, wala haujatikisika. Nimeupitia jana. Ukiutazama kwa pembeni, pale katikati macho ya wavu yanaonekana tena, ila madogo madogo, si ya wavu wa samaki.

Umeweka nini pale, Othmar?

Dada yako,
Bonifasia


Kambini, ng'ambo ya mto
27 Desemba 1993

Dada yangu Bonifasia,

Shikamoo, na heri ya Krismasi. Nilikusikia ukiimba misa ya usiku. Sauti yako haijazeeka, ila ule wimbo wa pili mliuanza juu mno.

Nitakujibu kwa kuwa wewe ni mkubwa wangu, na kwa kuwa hata mimi nimechoka kusimulia Kitwe.

Tuliegemeza magogo matatu nje. Nikapiga tindo. Nilitegemea simenti iruke vipande, lakini ilitoka kama uji wa mtoto. Wavu tukauvuta, mama chini, mimi juu ya ngazi. Ulitoka umeloa, maji yanachuruzika, unanuka ziwa. Na kwenye tundu moja, karibu na uzi wako wa manjano, alikuwepo usipa. Samaki, dada. Kidole kimoja hivi. Anang'aa. Aliupiga mkia wake kwenye kiganja changu. Sikuwa nimelewa, pombe yenyewe ya huku ni maji matupu. Mama akamchukua, akateremka naye mpaka ziwani, akamwachia.

Aliporudi magogo yalikuwa yanalia. Ukuta umeanza kufunguka, naona mvua kupitia kwenye ufa. Nikapiga kelele, nileteeni wavu! Dada, hakuna aliyeleta. Walishasikia habari yote. Walisimama kwenye mvua na nyavu zao zimekumbatiwa kama watoto. Siwalaumu. Leo wavu ni uzi, kesho mwenyewe anaingia majini, nani anajua?

Mama akasema taratibu, "Ukuta huu umeshazoea kushika mtu."

Basi nikavua shati. Zile fulana zangu za Lusaka, unazikumbuka? Matundu yake ni saizi ya kitaalamu kabisa, simenti inapita, uzi wake mgumu. Yule mhandisi angeniajiri. Niliyokuwa nimevaa, na zile za kwenye begi, nikazipasua, nikazipandanisha, nikazibana zikanyooka. Tabaka la kwanza, fulana, tabaka la pili. Magogo yakanyamaza. Nilicheka kwa sauti humo kanisani, nikasema, sasa ukuta umevaa kuliko padri.

Wavu wa mtu aliyeko nyumbani ni uzi tu, uliniandikia wewe. Nikiwa juu ya ngazi nikajiambia, mimi si mvuvi, hizi ni nguo. Nilisahau kwamba katika watu wote mimi ndiye ambaye hajawahi kuwa nyumbani.

Sina shida kubwa. Kifua kina baridi kidogo. Nikikohoa linatoka vumbi, na mimi nimekula vumbi la simenti tangu ujana. Kuondoka ndiyo sijafaulu. Juzi nilifunga mzigo, nikapanda lori, tukafika pale mlima unapoanza, nikasikia kitu kinanivuta mgongoni, kwa upole, kama mke anayemzuia mumewe mlangoni. Nikashuka. Dereva akaniuliza umesahau nini, nikamwambia fulana. Jana nilitaka kwenda kwa miguu. Nilipoinua macho nilikuwa nimesimama mbele ya altare, mabenchi yamerudishwa mahali pake, watoto wa kliniki wananicheka.

Usimwambie Mansuetus. Mwache ale. Na usithubutu kuja na tindo, nakufahamu. Ukuta ule unashika paa, na chini ya paa kuna watu. Kazi yangu haibomolewi, hata na dada yangu.

Ila nimebakiza fulana moja, ilikuwa kwenye kamba siku ile. Nimeifunga pamoja na barua hii. Utakapopanda Mbinga kwa baba, ingia chumba changu cha zamani, kile chenye dirisha linalotazama huku chini ziwani. Piga vigingi viwili. Itundike.

Usiifue, dada. Na ina tobo kubwa kwapani. Usilishone.

Mdogo wako,
Othmar